Nasaba ya Vimeng'enya vya Tripanosoma

Tripanosoma ni kiumbe kigumu kupasua. Ni kimelea cha seli moja, urefu wake ni kama sehemu 20 za elfu moja za milimita, na msambazaji wake ni mbung'o: kwa mtu huleta malale, kwa ng'ombe huleta nagana. Chini ya utando wake wa nje vimepangwa vijibomba vya protini, bega kwa bega, kutoka mbele hadi nyuma, na hivyo ndivyo vinavyokiwezesha kujisukuma katika mkondo wa damu bila kuchanika. Anayetaka kujua kilichomo ndani analazimika kuvunja ganda hilo huku vilivyomo vikibaki vizima. Akitumia nguvu nyingi, anapata rojo ambamo kila kitu kimemwagikiana. Akitumia upole, seli haipasuki.

Mafundi wa maabara walipata jawabu katika unga wa silikoni kabidi, ule ule unaobandikwa kwenye msasa. Vimelea vilivyolowa huchanganywa na unga huo ndani ya kinu kidogo kilichopozwa, kisha husagwa kwa mkono, taratibu, na kila baada ya muda tone moja hupelekwa chini ya hadubini kuona ni seli ngapi zimekwisha kupasuka. Zikizidi sana kusagwa, hata vifuko vya ndani hupasuka na kazi yote hurudi mwanzo. Nimeanza na kinu hiki kwa sababu habari za asili ya vimeng'enya husimuliwa kana kwamba zilianzia kwenye kompyuta. Zilianzia hapa, kwa watu waliojifunza kusaga kwa kiasi.

Na hata kabla ya kinu kuna damu. Tripanosoma za majaribio zilikuzwa ndani ya panya, na katika damu ya panya kila kimelea kimezungukwa na seli nyekundu zinazokizidi idadi mara nyingi. Mwaka 1968 Sheila Lanham, wa Lister Institute ya London, alionyesha njia ya kuvitenganisha ambayo kwangu ni miongoni mwa kazi safi kabisa za biolojia ya vimelea. Alijaza mrija kwa selulosi iliyotiwa kemikali yenye chaji chanya. Seli nyekundu za damu zina chaji hasi kali kuliko tripanosoma. Kwa hiyo damu ikimiminwa juu ya mrija, seli nyekundu hunaswa na tripanosoma hupita hadi chini, hai, zikiendelea kuchezacheza. Siri yote imo katika kiasi cha chumvi na uchachu wa maji yanayopitishwa. Chumvi ikizidi, kila kitu hupita. Ikipungua, kila kitu hunasa. Njia hiyo ilitoka maabara ikafika vijijini: mrija mdogo wa aina hiyo hutumiwa na timu za kupima malale, zikiwamo za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kutafuta vimelea vichache mno katika damu ya mgonjwa.

Rojo likishapatikana, humiminwa juu ya tabaka za maji ya sukari, zito chini na jepesi juu, kisha huzungushwa kwa mashine yenye kasi kubwa. Kila chembe huzama mpaka ifike mahali ambapo uzito wake unalingana na wa sukari inayoizunguka, na hapo husimama. Mirija hutobolewa chini, matone hukusanywa moja baada ya jingine, na katika kila kundi la matone hupimwa kimeng'enya kimoja kimoja: kipo au hakipo, na kama kipo ni kiasi gani. Mwaka 1977, huko Amsterdam, Fred Opperdoes na Piet Borst walipopima vimeng'enya vinavyovunja glukosi, walivikuta vimetulia pamoja mahali pamoja, katika uzito wa karibu gramu 1.23 kwa mililita. Vilikuwa vimeng'enya tisa. Saba ni vya mwanzo wa mnyororo wa kuvunja glukosi, na viwili ni vya gliseroli.

Kwa yeyote aliyesoma biokemia, hilo lilikuwa jambo la kushtua. Katika hamira, katika msuli wa mtu, katika bakteria wa tumbo, vimeng'enya hivi huelea huru ndani ya maji ya seli. Hakuna aliyetarajia kuvikuta vimefungiwa. Opperdoes na Borst walijua kwamba kukutwa pamoja hakutoshi, maana protini zinaweza kugandana wakati wa kusaga. Wakatumia jaribio la pili, ambalo naliona zuri kuliko la kwanza. Unaweka glukosi na mahitaji mengine yote ya kimeng'enya katika chombo chenye vifuko vizima, unapima, na kimeng'enya kinakaa kimya kwa sababu mahitaji hayawezi kupenya utando. Kisha unatia sabuni kidogo. Utando unayeyuka, na kimeng'enya kinaamka papo hapo. Kimya kile ndicho ushahidi kwamba kimeng'enya kilikuwa ndani. Kifuko wakakiita glikosomu.

Ustadi huu ulikuwa na ukoo wake. Mbelgiji Christian de Duve, aliyetunukiwa Nobeli mwaka 1974 pamoja na Albert Claude na George Palade, aligundua lisosomu na peroksisomu kwa njia hiyo hiyo ya kusaga, kuzungusha na kupima, na Opperdoes baadaye alikwenda kufanya kazi Brussels katika taasisi aliyoianzisha de Duve. Kanuni ya de Duve ilikuwa ya mhasibu: jumla ya kimeng'enya kilichotoka katika makundi yote ya matone lazima ilingane na jumla iliyoingia mwanzoni. Isipolingana, kuna kilichokufa, au kuna kilichozuiwa, au umesahau kundi moja, na huna haki ya kudai lolote kuhusu kimeng'enya hicho mpaka hesabu itimie. Ukisoma makala za kundi hilo, utakuta majedwali ya kuingia na kutoka yasiyopendeza macho. Mimi huyasoma kwanza. Humo ndimo unapoona kama fundi alikuwa mwaminifu.

Swali la kwa nini tripanosoma ifungie sukari yake ndani ya kifuko lilichukua zaidi ya miaka 20. Dhana ya awali ilikuwa ya kawaida: vimeng'enya vikikaa karibu karibu, kazi inakwenda mbio. Barbara Bakker, pamoja na Hans Westerhoff, Opperdoes na Paul Michels, waliitia dhana hiyo kwenye mizani. Walijenga mfano wa kompyuta wa mnyororo mzima kwa kutumia kasi zilizopimwa za kila kimeng'enya, kisha mwaka 2000 wakauondoa utando ndani ya kompyuta na kuangalia kitatokea nini. Kasi ya kuvunja sukari haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sukari zilizokwisha kutiwa fosfeti zilirundikana hadi viwango ambavyo seli haiwezi kustahimili.

Sababu yake imo katika namna mnyororo ulivyopangwa. Kuvunja glukosi ni kama biashara ya mchuuzi anayetoa mtaji asubuhi: seli hutumia molekuli mbili za ATP, sarafu yake ya nishati, mwanzoni ili ipate nne baadaye. Faida ikirudi yote dukani, mchuuzi ataagiza mzigo mkubwa zaidi kesho, na mkubwa zaidi keshokutwa, mpaka bidhaa zimjae kabla hajauza za jana. Hamira na seli zetu huzuia hali hiyo kwa breki: vimeng'enya vya mwanzo hupunguzwa kasi na mazao ya mbele. Hamira iliyoharibiwa breki hiyo haiwezi kukua kwenye glukosi. Tripanosoma haina breki hizo katika vimeng'enya vyake vya mwanzo. Badala yake faida inapatikana nje. Ndani ya glikosomu ATP mbili hutumika na mbili huzalishwa, hesabu sifuri. Hatua inayoleta ziada hufanywa na kimeng'enya cha mwisho, piruveti kinesi, kilichoko nje ya kifuko. Faida haiwezi kurudi kuchochea mwanzo. Wataalamu walipozuia kwa makusudi protini zisiingie kwenye kifuko, vimeng'enya vikabaki nje, na glukosi ikageuka sumu kwa tripanosoma.

Kwa hiyo kifuko ni breki. Lakini kifuko kimetoka wapi, na vimeng'enya vilivyomo vimetoka wapi? Hapo ufundi wa kinu unakabidhi kazi kwa ufundi wa pili.

Upande wa kifuko, jibu lilikuja kwa njia ya kimulimuli. Protini nyingi zinazoingia kwenye peroksisomu, vifuko vidogo vilivyomo katika ini letu na katika seli za mimea, hubeba mwishoni herufi tatu za asidi amino: serini, lisini, lusini. Alama hiyo iligunduliwa kwanza katika lusiferesi, kimeng'enya kinachompa kimulimuli mwanga wake. Mwaka 1991 K. Fung na Christine Clayton walionyesha kwamba glikosomu za tripanosoma huitambua alama hiyo hiyo na kuuruhusu mzigo wake kuingia. Mlango ni ule ule. Glikosomu ni peroksisomu iliyobadilishiwa mzigo, na katika kimelea cha damuni hadi asilimia 90 ya protini zake ni vimeng'enya vya kuvunja sukari.

Mzigo wenyewe ndio uliohitaji watu wenye subira ya pekee. Kimeng'enya ni protini, na protini ni mstari wa asidi amino za aina 20, unaoandikwa kwa herufi 20. Emile Zuckerkandl na Linus Pauling waliandika mwaka 1965 kwamba mistari hiyo ni kumbukumbu za historia: viumbe viwili vikiwa vimetoka kwa babu mmoja, kimeng'enya chao cha kazi moja kitakuwa na herufi zinazofanana mahali fulani na zilizotofautiana kwingine, na tofauti hizo hurundikana kadiri muda unavyopita. Ni rahisi kusema. Kutenda ni kazi nyingine. Kwanza mistari lazima ipangwe mmoja chini ya mwingine, herufi ya babu mmoja ikae juu ya herufi ya babu huyo huyo. Lakini katika mamilioni ya miaka protini hupoteza vipande na kuongeza vingine. Fundi lazima aamue wapi aweke pengo. Pengo likikosewa kwa herufi moja, herufi zote zinazofuata huhama, na mti wa ukoo utakaochorwa utakuwa wa uongo ingawa kompyuta imeuchora bila kosa.

Programu za kompyuta hupanga mistari kwa sekunde chache. Watu waliofanya kazi hii vizuri waliendelea kuikagua kwa macho, wakijua kutokana na umbo la protini ni vipande gani vimejikunja katikati, ambavyo haviwezi kukatwa hovyo, na ni vipande gani vinaning'inia nje, ambavyo pengo linaweza kuwekwa. Walitupa sehemu ambazo hazikuweza kupangwa kwa uhakika, hata zilipokuwa nyingi. Naiheshimu sana hatua hiyo ya kutupa, kwa kuwa data ni ngumu kupatikana na moyo hautaki kuipunguza.

Vimelea vina mtego wao. Mageuko ya jeni zao mara nyingi huenda kasi, na mwaka 1978 Joe Felsenstein alionyesha kihisabati kwamba matawi marefu ya mti huvutana: viumbe viwili vilivyobadilika sana huonekana ndugu kwa sababu tu vyote vimekwenda mbali. Biolojia ilinaswa humo kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1980 na 1990 vimelea kama Giardia, Trikomonasi na mikrosporidia viliwekwa kwenye shina la mti wa viumbe wote wenye kiini cha seli, vikasifiwa kuwa masalia ya zamani kabla ya mitokondria. Baadaye ikabainika kwamba mikrosporidia ni jamaa wa kuvu, na kwamba Giardia ina mabaki madogo ya mitokondria. Tawi refu lilikuwa limevutwa chini na matawi mengine marefu. Tangu hapo fundi makini anapoona kimeng'enya cha kimelea kimekaa mahali pa ajabu kwenye mti, swali lake la kwanza ni kama mti unadanganya.

Sasa njoo kwenye kimeng'enya ninachokipenda kuliko vyote katika mkasa huu: fosfofruktokinesi, cha tatu katika mnyororo, kinachotia fosfeti ya pili kwenye sukari. Katika mwili wetu huipata fosfeti hiyo kutoka kwa ATP. Mwaka 1974, huko New Orleans, Richard Reeves na wenzake walikuwa wakichunguza Entamoeba histolytica, amiba inayoleta kuhara damu, wakakuta kimeng'enya kinachofanya kazi ile ile bila ATP. Kilitumia pirofosfeti, fosfeti mbili zilizounganishwa, kitu ambacho seli nyingi hukitupa kama taka ya kazi nyingine. Amiba ilikuwa inaokota taka na kuilipia sukari.

Tripanosoma, kwa upande wake, hutumia ATP kama sisi. Ungedhani basi fosfofruktokinesi yake ni ndugu wa yetu. Michels, Opperdoes na wenzao walipolisoma jeni lake na kulichapisha mwaka 1997, mstari wa herufi ulisema jambo jingine: kimeng'enya hicho hakikukaa karibu na vya wanyama wala vya bakteria wanaotumia ATP, bali katika ukoo wa vile vinavyotumia pirofosfeti. Hitimisho lao liliandikwa waziwazi katika kichwa cha makala: kimeng'enya cha tripanosoma lazima kilitokana na babu aliyetumia pirofosfeti, kisha kikahamia kwenye ATP. Kazi ni ya ukoo mmoja, damu ni ya ukoo mwingine.

Je, kuhama huko kunawezekana, au ni hadithi nzuri tu? Mwaka 2000 Archana Chi na Robert Kemp walijibu kwa jaribio. Walichukua fosfofruktokinesi ya amiba, ile ya Reeves, wakabadilisha asidi amino moja tu, asparteti moja kuwa glisini. Kimeng'enya kikaacha pirofosfeti na kuanza kupendelea ATP. Herufi moja kati ya mamia. Mfuko wa kupokelea ATP ulikuwa bado umo ndani ya kimeng'enya cha amiba, umezibwa tu. Jaribio hilo lilifungua tena swali la nani alitangulia kati ya ATP na pirofosfeti. Kwa tripanosoma lilionyesha kwamba mlango kati ya koo hizo mbili ni mwembamba na unafunguka.

Vimeng'enya vingine vina hadithi zao. Tripanosoma ina aina mbili za kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi GAPDH, moja ndani ya glikosomu na nyingine nje, na zile mbili hazikuzaliwa pamoja: ile ya nje inafanana na ya bakteria wa Escherichia coli kuliko inavyofanana na mwenzake wa ndani. Jeni limehama kutoka kwa bakteria. Fosfogliserati kinesi nayo ina jeni kadhaa zilizozaliwa kwa kunakiliwa ndani ya tripanosoma yenyewe, moja hupelekwa kwenye kifuko kwa mkia wa ziada uliobandikwa mwishoni, nyingine hubaki nje, na kimelea huchagua ipi itumike kulingana na kama kiko ndani ya mbung'o au ndani ya damu. Ukiilazimisha tripanosoma ya damuni itengeneze ile ya nje, inadhoofika na kuacha kukua, maana hesabu ya ATP ndani ya kifuko inavurugika. Mnyororo mmoja, basi, na kila pingili imetoka kwa mzazi wake.

Mwaka 2003 kundi la Brussels, Véronique Hannaert akiwa mwandishi wa kwanza, lilitoa dai kubwa. Katika jeni za tripanosoma na za jamaa yake leishmania walikuwa wamekuta vimeng'enya kadhaa vya sukari vinavyofanana na vya mimea na vya bakteria wa usanisinuru. Jamaa wa mbali wa tripanosoma ni Euglena, kiumbe cha kijani cha majini chenye kloroplasti. Wakapendekeza kwamba babu wa wote wawili alikuwa na kloroplasti, na kwamba tripanosoma iliipoteza, ikabaki na jeni zake. Fikiria: kimelea cha damuni kilichowahi kuishi kwa mwanga wa jua.

Dai hilo halikusimama. Kloroplasti ya Euglena, inavyoonekana, ilitokana na mwani wa kijani uliomezwa na babu wa Euglena baada ya ukoo wake kuachana na ule wa tripanosoma. Jeni zilizofanana na za mimea zikaelezeka kwa njia nyingine: nyingine zilihama kutoka kwa viumbe wengine, nyingine zilionekana za mimea kwa sababu tu wakati huo mimea ndiyo iliyokuwa imesomwa na jamaa wa karibu walikuwa bado. Nalitaja dai hili kwa heshima kamili. Waliolitoa waliweka wazi mistari, miti na njia zao, kiasi kwamba wengine waliweza kulipima upya na kulikataa kwa vipimo vile vile. Mti unaochorwa hutegemea nani amealikwa kwenye mti, na mwaka 2003 wageni walikuwa wachache.

Wageni waliongezeka upesi. Julai 2005 jarida la Science lilichapisha kwa pamoja jenomu za Trypanosoma brucei, Trypanosoma cruzi na Leishmania major. Tripanosoma iliyosomwa kwa ajili ya jenomu ya brucei ilitoka Afrika Mashariki: ukoo wake ulianzia kwa mbung'o aliyekamatwa Kiboko, Kenya, njiani kati ya Nairobi na Mombasa. Jeni zake zilifikia karibu 9,000, na kila kimeng'enya cha sukari sasa kingeweza kutafutwa kwa jina. Kisha wakaja jamaa ambao si vimelea. Bodo, kiumbe anayeishi huru majini na kula bakteria, alionekana naye kubeba vimeng'enya vya sukari vyenye alama ya kuingia kwenye kifuko. Diploneme, viumbe wa baharini walio karibu kidogo tu na tripanosoma, nao walikutwa na vimeng'enya vya mnyororo huo ndani ya peroksisomu zao. Euglena hana mpangilio huo.

Ukizipanga habari hizo kwenye mti, jibu linajitokeza, na kwangu ndilo tunda tamu la kazi yote hii. Sukari iliingizwa kwenye kifuko kabla ya vimelea kuwapo. Aliyeanza alikuwa kiumbe huru wa majini, babu wa diploneme na wa Bodo na wa tripanosoma, na haikuwa kwa ajili ya damu, maana damu ya kuishi ndani yake haikuwa sehemu ya maisha yake. Pengine mnyororo ulifanya kazi kinyumenyume kwanza, kujenga sukari badala ya kuivunja, kama diploneme wa leo wanavyoonekana kufanya. Tripanosoma ilipokuja kuingia katika damu yenye glukosi isiyokwisha, ilikuta kifuko kiko tayari, vimeng'enya viko ndani, breki zimekwisha kupotea kwa sababu kifuko kilifanya kazi yake.

Afrika Mashariki inayo sababu ya kuzijali nasaba hizi. Kati ya 1900 na 1920 malale yaliua zaidi ya watu 200,000 Busoga na kandokando ya Ziwa Viktoria, na Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za kimelea cha malale ya binadamu. Kwa miongo mingi mgonjwa wa aina moja kati ya hizo, iitwayo rhodesiense, ambaye vimelea vimekwisha kuingia ubongoni alitibiwa kwa melarsoprol, dawa ya arseniki iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20. Kidonge cha fexinidazole, kilichojaribiwa kwa aina hiyo Malawi na Uganda, kimeleta unafuu mkubwa, lakini dawa moja ni chache kwa ugonjwa wa namna hii.

Hapo fosfofruktokinesi inarudi. Kimeng'enya chetu kilipitia njia nyingine: katika ukoo wa wanyama jeni lilijinakili na nakala mbili zikaungana kuwa moja, kimeng'enya kikawa kikubwa mara mbili na kujaa sehemu za kudhibitiwa. Cha tripanosoma, cha ukoo wa pirofosfeti, kilibaki kidogo, na pembeni mwa mahali pake pa kazi kina kishimo ambacho chetu hakina. Huko Edinburgh, Malcolm Walkinshaw na wenzake, Michels akiwa miongoni mwao, walichora umbo lake kwa miale ya eksirei na kutafuta molekuli zinazokaa ndani ya kishimo hicho na kuzuia kimeng'enya kisijikunje kinavyotakiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Molekuli hizo zilizima kuvunjwa kwa sukari na kuua tripanosoma ndani ya dakika chache, bila kugusa kimeng'enya cha binadamu, na panya wenye malale ya hatua ya kwanza walipona kwa dawa ya kumeza. Hatua ya pili ni kazi nyingine, maana molekuli lazima ivuke ukuta unaotenga damu na ubongo, na rhodesiense huweza kuuvuka ukuta huo ndani ya wiki au miezi michache tu.